Kwa nini mahekalu ya Khajuraho na Konark yana sanamu za mahaba ukutani?

Mwalimu wa Bangwe, Kigoma:

Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na swali ninalolileta nimeulizwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tano, nami sikutaka kuwajibu kwa mkato. Tulikuwa katika somo la biashara ya Bahari ya Hindi, mwanafunzi mmoja akatoa picha ya ukuta wa hekalu la Khajuraho, katika jimbo la Madhya Pradesh huko India ya kati. Ukutani mmechongwa miungu, wapiga ngoma, wanyama wa kutisha na wanawake wanaojipamba, na miongoni mwao wamo wanaume na wanawake waliokumbatiana waziwazi, wengine wakiwa katika tendo lenyewe la ndoa. Mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, hii ni nyumba ya ibada kweli?"

Nimekutana na maelezo matatu. Wapo wanaosema kwamba sanamu hizo zilikuwa mafunzo kwa vijana waliokaribia kuoa. Wengine wanasema ni mtihani, kwamba muumini anapaswa kuziacha tamaa zake nje kabla ya kuingia kuabudu. Wengine tena wanasema ziliwekwa ili kukinga jengo na radi. Kila maelezo yanatosheleza mpaka unaposoma yale yanayofuata, na ndipo ninapokwama. Ninachotaka kujua ni iwapo tunaweza kusema kwa uhakika wowote waliojenga walikusudia nini. Ninaomba pia tujadiliane kwa heshima, kwa kuwa tunazungumzia dini ya majirani zetu tuliozaliwa nao katika miji hii.

Mjukuu wa Dukani, Tabora:

Mwalimu, ahsante kwa kuuliza kwa adabu. Babu yangu alitoka Gujarat akafungua duka la vitambaa hapa Tabora, mimi nimezaliwa hapa, na sanaa ya mahekalu ndiyo niliyoisomea. Khajuraho nimefika, nimesimama chini ya kuta hizo. Niruhusu nijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tuweke mambo mahali pake. Mahekalu ya Khajuraho yalijengwa na wafalme wa ukoo wa Chandela, mengi kati ya mwaka 950 na 1050 hivi. Wenyeji husimulia kwamba yalikuwa 85, na yaliyosimama leo ni ishirini na kitu. Baadhi ni ya Vishnu, baadhi ya Shiva, ambao ni miungu wakuu wa Wahindu, na mengine ni ya Wajaini, watu wa dini nyingine ya India ambao mafundisho yao juu ya kujinyima ni makali kuliko ya Wahindu walio wengi. Hekalu la Lakshmana lilikamilika mwaka 954. Lile kubwa kuliko yote, Kandariya Mahadeva, ni la Shiva, lilijengwa karibu na mwaka 1030 na lina kimo cha takriban mita 31. Katika karne ya 19 Alexander Cunningham, Mwingereza mtafiti wa mambo ya kale, alihesabu sanamu zake akapata 872, kati yake 646 zikiwa nje na 226 ndani. Watu wengi wanaoziona picha mitandaoni hawaambiwi kwamba sanamu za mahaba huko Khajuraho ni takriban moja kwa kumi, au pungufu. Picha huchaguliwa, na zinazochaguliwa kila siku ni zilezile.

Sasa nije kwenye maelezo yako matatu. Lile la mafunzo ya ndoa haliendani na sanamu zenyewe, kwa kuwa nyingi ziko juu sana kwa mtu aliyesimama chini, hazina mfuatano wowote wa somo, na baadhi ya mikao haiwezekani kwa mwili wa binadamu. Upo mmoja ambamo mwanamume amesimama kwa kichwa, na wanawake wawili wasaidizi wamesimama huku na huku. Hakuna kijana ambaye angefundishwa ndoa kwa namna hiyo. Lile la mtihani lina uzuri wake, na makuhani wengine hulisimulia, lakini mlango wa Kandariya unaelekea mashariki, na sanamu hizo hazikupangwa mlangoni ambapo mwenye kuingia angepimwa. Ziko ubavuni mwa jengo, upande wa kusini na upande wa kaskazini. La radi nitalirudia, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli.

Mimi nashikilia jambo moja: tusiulize sanamu hizi zina maana gani kabla ya kuuliza ziko wapi. Hekalu la aina hii lina sehemu kuu mbili. Mbele kuna kumbi ambamo watu hukusanyika, na nyuma kuna chumba kidogo, chenye giza, kisicho na mapambo mengi, wanachokifananisha na tumbo la uzazi. Humo ndimo anamokaa mungu, na juu yake ndipo mnara unapopaa. Kati ya kumbi za watu na chumba cha mungu kuna ukuta wa kiungo, ambao si wa huku wala si wa kule. Ni hapo, katika Kandariya na katika hekalu jirani la Vishvanatha, ambapo sanamu za muungano wa mume na mke zimepangwa safu juu ya safu, tatu. Mtaalamu Devangana Desai, aliyezichunguza Khajuraho na sanamu za mahaba za India kwa miaka mingi, ndiye aliyeeleza vizuri kuliko wengine kwamba waliojenga waliuweka muungano wa miili mahali ambapo majengo mawili yanaungana. Fundi anasema kwa mawe jambo lilelile mara mbili.

Na muungano huo ulikuwa na maana ya kidini iliyotangulia mahekalu haya kwa zaidi ya miaka 1000. Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko makongwe ya Kihindu, mna mfano wa mtu aliyekumbatiwa na mke wake ampendaye, ambaye kwa wakati huo hajui kilicho nje wala kilicho ndani. Ndivyo ilivyo nafsi inapokutana na Nafsi kuu. Tena Wahindu huhesabu malengo manne ya maisha ya mwanadamu: wajibu, mali, mapenzi na ukombozi. Mapenzi ni lengo halali lenye nafasi yake, na hayajifichi kwa aibu nyuma ya mengine.

Kuhusu radi, nianze na miimo ya milango. Katika karne ya 6 mwanachuoni Varahamihira aliandika katika Brihat Samhita kwamba miimo ya mlango wa hekalu ipambwe kwa ndege wa heri, mitungi iliyojaa, majani yanayotambaa, na wapenzi wawili wawili. Wapenzi hao, ambao kwa Kisanskriti huitwa mithuna, wamewekwa katika orodha moja na alama nyingine za baraka na kinga. Kabla yake, mapema katika zama hizi za kuhesabu miaka, Wabudha waliochimba pango la Karle karibu na Pune walichonga wanaume na wanawake wawili wawili kwenye uso wa pango, kando ya milango. Kwa hiyo aliyesema kwamba sanamu hizi hukinga radi alikuwa akieleza kwa lugha ya kijijini jambo la kale sana, kwamba mahali penye uzazi na neema, shari haipati pa kuingilia.

Mwashi wa Ng'ambo, Tabora:

Dada, maelezo yako juu ya ule ukuta wa kiungo yamenigusa, kwa kuwa kujenga ndiyo kazi yangu. Fundi yeyote aliyewahi kuunganisha chumba kipya na nyumba ya zamani hapa Tabora anajua kwamba ufa huanzia pale kuta mbili zinapokutana, hasa pale upande mmoja unapokuwa mzito kuliko mwingine, kwa sababu msingi hautitii sawasawa. Sasa fikiria mnara wa mita 31 umesimama ubavuni mwa kumbi fupi kuliko wenyewe. Naomba kuuliza: mawe hayo yalishikanishwa kwa nini? Ni chokaa au udongo?

Mjukuu wa Dukani, Tabora:

Kaka, hakuna chokaa. Ni jiwe la mchanga, la rangi ya manjano hafifu linaloelekea wekundu, na vipande vyake vilichongwa ndimi na matundu vikaingiliana, kisha uzito wenyewe ukavishika. Sanamu nazo si pambo lililobandikwa baadaye. Ni sehemu ya mawe yaleyale ya ukuta. Ukiikaribia unaona hata alama ndogo ndogo ambazo mchongaji hakulazimika kuziweka: kucha iliyobonyea kwenye ngozi, uzi wa mkufu uliofuata mkunjo wa shingo, nge anayepanda paja la mwanamke ambaye nguo yake imeteleza. Huyo nge hurudiwa mara nyingi Khajuraho, naye ni alama ya ashiki inayochoma. Katika hekalu la Wajaini la Parshvanatha yuko mwanamke anayepaka wanja, na mwingine aliyeinua mguu ili atolewe mwiba, na ukimtazama unaona jinsi uzito wote wa mwili ulivyohamia nyonga ya upande mmoja.

Mwashi wa Ng'ambo, Tabora:

Basi hao walikuwa mafundi hasa. Kuchonga tundu la kiungo na kope za jicho katika jiwe moja, halafu ulipandishe mahali pake bila kulivunja, kunahitaji mtu aliyekwisha kuliona jengo zima kichwani kabla ya kupiga patasi ya kwanza. Nakubaliana nawe kwamba mtu wa namna hiyo haweki sanamu mahali pasipo na sababu.

Mzee wa Ujiji:

Assalaam alaykum wote. Mimi ni Mwislamu, na dini yangu hairuhusu masanamu katika nyumba ya ibada, seuze masanamu ya namna hii. Nasema hivyo mapema ili nisije nikadhaniwa ninatetea nisichokiamini. Lakini kutokukubali jambo hakumzuii mtu kulifahamu.

Mwalimu, wanafunzi wako wanamjua Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule. Wakumbushe kwamba miaka michache baadaye msafiri huyohuyo alipita Khajuraho, naye aliandika juu ya ziwa kubwa, mahekalu yenye masanamu kandokando yake, na majogi, yaani watawa wa Kihindu, wenye nywele ndefu zilizosokotana ambao miili yao ilidhoofika kwa kujinyima. Aliwaona watu wa riadha ya nafsi wakiishi kando ya kuta hizohizo ambazo leo tunaziita kuta za mahaba. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu apunguze haraka ya kuhukumu.

Kisha niseme juu ya kinga ya mlango, ambayo binti yangu wa Tabora ameieleza. Sisi hapa Ujiji tulikuwa na milango ya nakshi iliyofuata ile ya pwani, na mafundi wa pwani walichonga mnyororo wa kuzuia shari, samaki wa uzazi, na ua la yungiyungi, ambalo wengi wanasema lilitufikia kutoka huko India. Hatukuchonga miili ya watu, lakini haja iliyoupa mlango alama ya uzazi ni haja moja. Wala si sisi tu. Wazaramo wana mwana hiti, sanamu ya mti anayopewa mwali, na huko Usambaa na Upare vilikuwapo vinyago vya udongo vya kufundishia wari, vingine vikionyesha mambo ya unyumba bila kuficha. Tofauti ni kwamba vyetu vilionyeshwa ndani, kwa aliyefikia umri, na mbele ya somo wake au kungwi. Hapo ndipo ninapouliza: kwa nini wenzetu wakaweka nje, ambako hata mtoto anaona?

Msomaji wa Isevya, Tabora:

Shikamoo Mzee. Swali lako ndilo linalonifanya nisiridhike na maelezo ya Dada, ingawa nayaheshimu. Naona hatari ya kuzitakasa sanamu zote kwa mara moja. Muungano wa nafsi na Mungu unaweza kueleza wapenzi wawili waliokumbatiana kwa utulivu kwenye ukuta wa kiungo, lakini hauelezi msingi ulioinuliwa wa hekalu la Lakshmana, ambako michongo imepangwa katika mkanda mrefu unaozunguka jengo, pamoja na maaskari, tembo, farasi, mawindo na vita, na humo mna matendo ya makundi ya watu, hata ya mtu na mnyama, ambayo jamii ile yenyewe iliyahesabu kuwa machukizo. Huyo Devangana Desai uliyemtaja ameonyesha katika utafiti wake wa mwaka 1975 kwamba sanamu za mahaba ziliongezeka India yote katika kipindi ambacho watawala wa majimbo walishindana kujenga mahekalu makubwa, na kwamba anasa na fahari za majumba yao ziliingia katika sanaa waliyoigharimia. Mwenye mali ndiye aliyemlipa mchongaji. Hatuwezi kumtoa mfalme katika habari hii.

Halafu kuna wale watawa. Katika baadhi ya sanamu wanaotenda ni watawa walionyoa au wenye madevu. Wengine wamedai kwamba hiyo ni ibada ya siri ya Watantra, wafuasi wa njia ya ibada za siri, wa madhehebu ya Kaula na Kapalika. Mimi naona ushahidi unaelekea kwingine. Katika karne ya 11 mchezo wa kuigiza uitwao Prabodhachandrodaya, ulioandikwa na Krishnamishra, uliigizwa mbele ya mfalme Kirtivarman wa ukoo huohuo wa Chandela, na ndani yake mtawa wa Kapalika anachezewa shere kwa ulevi na uasherati wake. Ikiwa watu wa ikulu waliketi wakamcheka mtawa wa namna hiyo jukwaani, kwa nini tusikubali kwamba mchongaji naye alimsuta ukutani? Ibada ya siri, kwa tabia yake, haitangazwi katika ukuta wa hekalu la mfalme.

Mjukuu wa Dukani, Tabora:

Shikamoo Mzee, na ahsante sana ndugu wa Isevya, kwa kuwa umeutaja mkanda wa Lakshmana ambao mimi niliuruka. Nakubali kwamba pale mna dunia ya askari na wafalme, na kwamba baadhi ya watawa wale wanasutwa. Lakini angalia tena mahali. Mkanda ule uko chini, kwenye msingi, pamoja na vita na mawindo. Ukipanda juu ya mkanda huo, kwenye ukuta wa hekalu lenyewe, makundi na vurugu zinapungua, na unakutana na miungu, wanawake wa mbinguni, na wapenzi wawili wawili. Jengo limepangwa kama mlima, na anayelizunguka anapandisha macho kutoka mambo ya dunia kuelekea kilele. Kwa hiyo mfalme yumo, dhihaka imo na ibada imo, kila moja katika ngazi yake, na anayechukua maana moja akaipaka jengo zima atakosea popote atakapoianzia.

Mzee, swali lako la nje na ndani ni zito. Jibu langu ni kwamba kwao hekalu ni mwili wa ulimwengu mzima, na ulimwengu una kila kitu. Nje ndiko kulikojaa: wanyama, vita, muziki, mapambo, mahaba. Kadiri unavyoingia ndani vitu vinapungua, mpaka unafika kwenye kile chumba chenye giza ambamo sanamu za mahaba hazimo, ambamo Kandariya ina lingam peke yake, yaani nguzo fupi ya jiwe iliyo alama ya Shiva. Msomaji wa Isevya anaweza kusema ninazitakasa tena, lakini mpangilio huo uko katika mawe na mtu yeyote anaweza kuukagua.

Mwalimu wa Bangwe, Kigoma:

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia. Nina maswali mawili ya nyongeza. La kwanza, je, Konark ni habari ileile? La pili, majirani zetu Wahindu wa hapa Kigoma na Tabora hawana sanamu za namna hii katika ibada zao, na wanafunzi wataniuliza ziliishia wapi.

Msomaji wa Isevya, Tabora:

Kuhusu Konark nitajibu mimi kwa ufupi. Iko Odisha, pwani ya mashariki, ni hekalu la Surya, mungu wa jua, lililojengwa na mfalme Narasimhadeva wa Kwanza wa ukoo wa Ganga ya Mashariki karibu na mwaka 1250. Limeundwa kama gari la jua lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi saba. Mnara mkuu ulianguka zamani, na ukumbi wa mbele ulijazwa mchanga mwanzoni mwa karne ya 20 ili usiporomoke. Wapenzi wa mahaba huko ni wengi na wengine ni wakubwa sana, na wamo hata katika duara ndogo za vijiti vya magurudumu. Kwa kuwa jua ndilo linalootesha kila kitu, nadhani maana ya uzazi na neema inaonekana wazi zaidi kuliko Khajuraho, na ukuta wa kiungo hauna uzito uleule. UNESCO iliiweka Konark katika urithi wa dunia mwaka 1984, na Khajuraho mwaka 1986.

Mjukuu wa Dukani, Tabora:

La pili nalijibu mimi, maana ni habari ya nyumbani kwetu. Gujarat, walikotoka wengi wa mababu zetu, kuna hekalu la jua la Modhera, la mwaka 1026 hivi, na lenyewe lina sanamu za mahaba kwenye kuta zake. Kwa hiyo si jambo la wageni kwetu. Lakini dini ya watu waliopanda majahazi kuja Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupitia karne nyingi za mageuzi. Ibada ya Krishna na Rama iliyoenea majumbani ilileta lugha nyingine ya mapenzi kwa Mungu, ile ya nyimbo na ya moyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwalimu wa dini aitwaye Swaminarayan alihubiri Gujarat usafi wa mwenendo, na katika mahekalu ya wafuasi wake wanaume na wanawake huketi mbalimbali hadi leo. Mtoto wa Kihindu aliyelelewa Tabora anaifahamu ibada kwa taa, maua, kengele na nyimbo, na anapoziona picha za Khajuraho kwa mara ya kwanza hushtuka kama walivyoshtuka wanafunzi wako. Mila ya kuchonga haikufa kila mahali; kule Nepal, katika bonde la Kathmandu, mihimili ya mbao inayobeba mapaa ya mahekalu ya karne ya 17 na 18 bado ina wapenzi waliochongwa, na huko ndiko wenyeji wanakosema kwamba mungu wa kike wa radi ni bikira, akiwaona hukimbia kwa haya.

Mwalimu, ukirudi darasani, chora kwanza ramani ya Kandariya ubaoni: mlango upande wa mashariki, kumbi zikifuatana, chumba cha mungu upande wa magharibi. Waulize wanafunzi wenyewe ni wapi sehemu ya watu inapokutana na sehemu ya mungu, wakishaonyesha kwa kidole ndipo uitoe ile picha.

Mzee wa Ujiji:

Marahaba binti yangu. Mimi nabaki na msimamo wangu juu ya faragha, na ningependa mwalimu awaambie wazazi mapema kabla ya kuitoa picha. Lakini hiyo ramani na ichorwe.